Binti anataka tukakeshe kwenye sanaa za Toronto, nami sanaa hiyo siielewi

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, sasa tuna mwaka wa sita hapa Scarborough, Toronto. Binti yangu ana miaka 16, anapenda sana kuchora, na ameshaniambia akimaliza shule anataka chuo cha sanaa. Kuna ule usiku wa sanaa wanaouita Nuit Blanche, alitaka aende na wenzake mpaka asubuhi. Nikamwambia hapana, labda twende wote. Ila nikuambie ukweli, naogopa. Mwaka jana tuliingia jumba moja la sanaa huko mjini, nikakuta rundo la nguo kuukuu sakafuni, watu wamelizunguka wananong'ona. Mlinzi naye ananifuata chumba hadi chumba. Tulipotoka nikamwambia binti, hawa watu wanatufanyia mzaha. Akanyamaza njia nzima mpaka nyumbani. Je, mtu ambaye hakusomea sanaa anaingiaje humo? Usiku huo una usalama? Na gharama yake ikoje?"

Marahaba, mama. Nitaanza na ule ukimya wa binti yako njiani, maana nadhani ndio uliokufanya uandike. Mtoto anayetaka kwenda chuo cha sanaa amempeleka mama yake kuona kitu anachokipenda, na mama amesema ni mzaha. Hukukosea kusema ulivyoona. Ila yeye alisikia jambo jingine kabisa, kwamba kazi anayotaka kuifanya maishani ni mzaha. Kwa hiyo usiku huu una uzito kuliko matembezi ya kawaida, nami nitakujibu kwa urefu.

Turudi kwenye lile rundo. Sijui ulikuwa katika jumba lipi wala kazi ile ni ya nani, lakini nguo kuukuu zimetumiwa na wasanii wengi, na mmoja wao atatusaidia. Christian Boltanski, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1944, baba yake alikuwa mtu wa asili ya Kiyahudi aliyefichwa chini ya sakafu ya nyumba yao wakati Wajerumani wameikalia nchi. Januari 2010 Boltanski alipewa ukumbi mkubwa wa Grand Palais mjini Paris. Akazitandaza nguo za watu sakafuni kwa safu, kama makaburi, na mwisho wa ukumbi akaweka mlima wa nguo. Juu ya mlima ule palikuwa na winchi yenye makucha ya chuma, inashuka, inanyakua fungu la nguo, inapanda nalo juu, kisha inaliachia. Inachagua bila sababu. Kutwa nzima vipaza sauti vilikuwa vinapiga mapigo ya mioyo ya watu. Na alitaka ukumbi usiwashwe joto, katikati ya baridi ya Januari.

Sasa nikuulize wewe mtu wa Tanga. Mitumba ilipoanza kuingia kwetu, wazee waliiitaje? Kafa Ulaya. Mtu kafa huko Ulaya, nguo zake zimefungwa robota, zimetufikia sisi. Jina hilo lilitungwa sokoni, na aliyelitunga hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba koti tupu humwita mtu aliyekuwa ndani yake. Boltanski alihitaji ukumbi mzima kulisema jambo lile lile. Wewe ulisimama mbele ya rundo ukiwa na neno hilo kinywani, na wale waliokuwa wakinong'ona pembeni yako hawakuwa nalo. Uliliacha nje ya mlango kwa sababu ulidhani humo ndani hutakiwi na chako.

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na nimekuwa nikiwatembeza watu kwenye maonyesho ya mji huu kwa miaka mingi. Watu wanadhani kazi ya sanaa ya leo ni fumbo lenye jibu moja, jibu wamelificha wasomi, na asiyelijua ameumbuka. Ndiyo maana mtu anakwenda mbio kwenye kile kibandiko cha ukutani, anasoma maneno magumu, haelewi, anaondoka na aibu. Nakuambia siri ndogo: vibandiko vingi vimeandikwa vibaya. Hata mimi huvisoma mwisho.

Njia ninayoifundisha tunaijua tangu utotoni, maana ndivyo tunavyosoma kanga. Chukua kanga yenye jina "Hasidi hana sababu". Maneno ni matatu tu, kila mtu anayaelewa. Lakini maana yake kamili huipati mpaka ujue nani kaivaa, kapita mbele ya nyumba ya nani, siku gani, na kama pea yake kamgawia mtu. Kanga ile ile dukani ni kitambaa. Ikipita mlangoni kwa mke mwenzio ni vita. Wanawake wa pwani wana zaidi ya miaka 100 wanasoma vitu kwa namna hiyo, kwa kuangalia kitu, mahali, wakati na mhusika kwa pamoja, bila kuiita elimu. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 akakulia Uingereza, amechora kazi kadhaa kwa muundo wa kanga, pindo na mji na maneno yake chini, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za sanaa kule. Majaji hawakumpa tuzo kwa ajili ya kanga peke yake, la. Lakini lugha ile imeingia kwenye majumba makubwa, na wewe ni mzungumzaji wake wa kuzaliwa.

Kwa hiyo unapofika mbele ya kazi, kabla ya kibandiko, jiulize kama unavyoiuliza kanga. Ni kitu gani hasa hiki, kimetengenezwa kwa nini? Kimewekwa wapi, na kingewekwa kwingine kingebaki vile vile? Kinaniambia mimi, au kinamsema mtu mwingine nikiwa nasikia? Kisha kaa. Dakika tano kwa kazi moja ni nyingi kuliko unavyodhani, jaribu kuzihesabu. Baada ya hapo una ruhusa kamili ya kusema hii mbaya. Kazi mbaya zipo, tena tele, na mwenye kusema kila kitu ni kizuri hajaangalia.

Kuhusu mlinzi. Kuna mambo mawili hapa na nisingependa kuyachanganya. La kwanza ni la kazi yake: mlinzi wa jumba la sanaa hulinda umbali. Vidole vyetu vina chumvi na mafuta, na mguso mmoja kwenye turubai au shaba huacha alama ambayo inaweza kuonekana baada ya miaka. Kazi ikiwa sakafuni, bila kioo wala kamba, mlinzi huwa na wasiwasi mara mbili, maana watu hukanyaga. Ukikaa kama mkono mmoja kutoka kwenye kazi, mkoba ukauweka mbele badala ya mgongoni, wengi watakuacha. Na walinzi wengi ni wanafunzi wa sanaa au wasanii wenyewe wanaotafuta kodi ya nyumba. Muulize, "Wewe hapa unaipenda ipi?" Utashangaa atakavyofunguka.

La pili ni kwamba wapo watu weusi wanaofuatwa kuliko wenzao, na wewe unajua tofauti ya macho ya kazi na macho ya kukushuku. Sitakuambia ulijidhania. Ikitokea tena, usibishane naye chumbani. Nenda dawati la mapokezi, mtake mkuu wa huduma ya wageni, sema chumba, saa na kilichotokea. Hilo ni jambo la ana kwa ana, wakati bado upo mle ndani. Malalamiko ya wiki ya pili kwa barua hupotea.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Jina lake kwa Kifaransa ni "usiku mweupe", na Wafaransa husema hivyo wakimaanisha usiku usiolala. Sisi tuna neno zuri zaidi, mkesha. Umekesha maulidini, umekesha harusini taarabu ikipigwa mpaka alfajiri, umekesha msibani. Wazungu wa mijini walikuwa na disko na hospitali tu saa hizo, ndipo wakaanza kubuni. Helsinki walianza usiku wao wa sanaa mwaka 1989. Mji wa Nantes, Ufaransa, ulikuwa na tamasha la usiku kuanzia 1990 hadi 1995, chini ya Jean Blaise. Berlin wakafungua makumbusho zao usiku mwaka 1997. Paris ikamwita yule yule Jean Blaise, na Oktoba 2002 ikafanya Nuit Blanche ya kwanza.

Usiku ule wa kwanza wa Paris una kisa ninachokipenda kuliko vyote. Msanii Sophie Calle aliwekewa kitanda juu kabisa ya mnara wa Eiffel. Akajilaza na shuka zake, na watu wakapanga foleni kuingia mmoja mmoja, kila mmoja na dakika kama tano, wamsimulie hadithi asilale. Hadithi ikinoga, mgeni anaongezewa muda. Basi. Hiyo ndiyo kazi yote. Ukimsimulia bibi yeyote wa Pangani atakuuliza, paukwa? Na angekuwa na haki, maana ni jambo lile lile la bibi na wajukuu gizani, ila kalipindua: mkubwa ndiye anayelala kitandani na wageni ndio wanaotoa hadithi.

Toronto ilianza Septemba 2006. Mimi nilikuwepo. Kuna njia ya miguu pale Chuo Kikuu cha Toronto inayoitwa Philosopher's Walk, bonde dogo lenye miti nyuma ya makumbusho ya ROM. Msanii wa Kijapani, Fujiko Nakaya, alilijaza bonde lile ukungu. Hakutumia moshi wala dawa, ni maji matupu yanayosukumwa kwa pampu yenye nguvu kupitia vitundu vidogo sana, yanatoka matone mepesi yasiyoanguka. Amefanya hivyo tangu maonyesho ya Osaka ya 1970. Kazi ya Toronto aliiita Fog in Toronto #71624, na namba ile ni ya kituo cha hali ya hewa cha hapa, kwa sababu anasema ukungu wake unachongwa na upepo na unyevu wa mahali penyewe. Niliingia mle kama saa kumi na moja alfajiri. Watu walikuwa wanatokea na kupotea kama mizuka, watoto wanacheka, mzee mmoja kasimama kimya kafumba macho. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba chini ya njia ile kuna mto, Taddle Creek, ambao mji uliufukia zamani. Maji yalikuwa yamerudi kwao kwa usiku mmoja. Hilo halikuwa kwenye kibandiko, nililipata kwa kuuliza tu.

Kazi nyingine iliyofaa iwe funzo kwako ni ya mwaka 2013, kwenye uwanja wa Nathan Phillips mbele ya ukumbi wa jiji. Ai Weiwei, Mchina, alisimamisha baiskeli 3,144, zimeunganishwa moja na nyingine kama kuta na nguzo, taa za waridi na buluu zikizipiga. Jina la kazi lilikuwa Forever Bicycles. Watu walipiga picha, wakasema maridadi, wakaenda zao. Lakini Forever ni kampuni ya baiskeli ya Shanghai, kwao ilikuwa kama Phoenix ilivyokuwa kwetu: mali ya kwanza ya kijana, ya kubebea mkaa, maji, mchumba. Ukizisogelea uligundua hazina tandiko wala mnyororo. Baiskeli elfu tatu na hakuna hata moja inayoweza kwenda. Na aliyezitengeneza alikuwa kwao hawezi kusafiri, serikali imeshika pasipoti yake tangu 2011. Alikuwa amewaudhi kwa kukusanya majina ya wanafunzi waliokufa shuleni katika tetemeko la Sichuan la 2008, akanunua nondo zilizopinda kutoka vifusi vya shule zile na kuzinyoosha kwa nyundo moja moja. Ukijua hayo, rudi ukazitazame baiskeli tena.

Ndiyo faida ya usiku huo. Sasa kasoro zake, maana nimezishuhudia pia. Kati ya saa mbili usiku na saa sita hivi umati ni mkubwa mno. Foleni ya kuingia ndani ya jengo inaweza kula saa nzima kwa kazi ya dakika tatu. Vijana wengine wanakuja kunywa, na mabaa ya Ontario huacha kuuza saa nane usiku, hivyo baada ya saa nane barabarani kuna kelele za walevi kwa muda. Kazi nyingi ni taa tu, zinang'aa, zinapigwa picha, hazibaki kichwani. Wapo wasanii ninaowaheshimu ambao hawaendi kabisa, wanasema jiji limeigeuza sanaa kuwa gulio. Siwalaumu. Mimi huenda kwa sababu kila mwaka kuna kazi moja au mbili ambazo zisingewezekana mchana wala ndani ya jumba lolote, na kwa sababu ndio usiku pekee ninapoona familia za kila kabila zinatembea mjini saa nane bila woga.

Kuhusu saa, hapa jihadhari. Kwa kawaida ni Jumamosi moja, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza. Kwenye matangazo utaona 7 PM hadi 7 AM, yaani saa moja hadi saa moja, usiku kamili kama tunavyouhesabu sisi, kana kwamba aliyeupanga ni Mswahili. Mgeni mmoja niliyempangia alisoma 7 akaelewa saa saba usiku, akafika watu wa kundi letu tumeshatawanyika.

Gharama: kazi za nje na zile za jiji ni bure. Utalipa nauli na chakula. Nauli ya TTC, shirika la usafiri la mji, kwa kadi ya nauli ya Presto inakupa saa mbili za kupanda na kushuka, na mtoto wa miaka 12 kushuka chini hapandi kwa fedha, kama utamchukua yule mdogo. Tatizo la Scarborough ni kurudi. Treni za chini ya ardhi kwa kawaida huisha kama saa saba na nusu usiku, na Jumapili huanza kama saa mbili asubuhi, siyo mapema kama siku za kazi. Kuna miaka wanayorefusha treni usiku huo, kwa hiyo angalia tangazo la TTC la wiki ile, usitegemee la mwaka jana. Zisipokuwepo, kuna mabasi ya usiku ya namba za 300. Lile la 300 lenyewe hufuata Bloor na Danforth kuelekea mashariki, kisha utabadilisha kuingia ndani ya Scarborough. Andika namba zako kwenye karatasi. Simu hufa saa tisa usiku, hiyo ni kanuni.

Na kabla ya kufikiria mjini, fungua ramani yao uone kama kuna kazi karibu na kwako. Mwaka 2018 tamasha lilivuka mpaka Scarborough kwa mara ya kwanza, na 2022 lilitawanywa mpaka Etobicoke na North York. Umati wa huko ni mdogo na wazazi ni wengi.

Ushauri wangu kwa mama na binti wa miaka 16? Msikeshe. Najua ndilo analolitaka, lakini mtu aliyechoka haoni kitu. Kuna njia mbili za busara. Mnaweza kwenda mapema, mkafika jua linazama, mkaona kazi tatu au nne kabla umati haujafurika, saa nne mkawa njiani kurudi. Au, na hii ndiyo ninayoipenda, mlale mapema kabisa Jumamosi, mwamke saa nane usiku, mfike mjini saa tisa. Walevi wamekwenda, foleni zimekwisha, wasanii wenyewe wamekaa kando ya kazi zao wamechoka na wana hamu ya kuongea. Binti yako akimkuta msanii saa kumi na moja alfajiri akamuuliza umeanzaje, atapata kitu ambacho hata mwalimu wake hawezi kumpa. Kisha mnarudi na treni ya asubuhi.

Kama atasisitiza aende na wenzake, usimkatalie moja kwa moja. Mkubaliane eneo moja la mji, watu wasiotengana, saa ya kukutana na mahali penye jina, kwa mfano chini ya zile herufi kubwa za TORONTO pale Nathan Phillips, na wewe uwe mjini, siyo nyumbani. Mkae kwenye kazi tofauti mkutane saa fulani. Nimeona mama mmoja akifanya hivyo na binti zake watatu, yeye kajikalia na thermosi yake kwenye benchi, wao wanakuja kumsimulia kila baada ya saa. Mtu akizidiwa, akipotea au akiwa na maumivu, tafuteni wafanyakazi wa tamasha wenye fulana au vizibao vya rangi moja, au huduma ya kwanza kwenye vituo vyao. Hatari ya kweli, pigeni 911 bila kusubiri ushauri wa mtu.

Vaeni nguo nzito kuliko mnavyodhani. Oktoba usiku ni nyuzi 10 au chini yake, na kutembea polepole hakumpi mtu joto. Chagueni kazi tano tu kwenye ramani, zote za kutembea kwa miguu, na mziache zile nyingine bila majuto.

Lakini kabla ya usiku huo, naomba mfanye zoezi moja mchana, nyinyi wawili. Nendeni jengo la 401 Richmond, karibu na Spadina, siku ya Jumamosi, maana Jumapili na Jumatatu sehemu nyingi hufungwa. Kilikuwa kiwanda cha makopo na vyombo vya bati. Sasa ndani yake kuna vyumba vingi vya wasanii na nyumba ndogo za sanaa, za picha, za video, za kila aina, na kuingia ni bure. Sakafu ni za mbao, zinalia ukikanyaga, hakuna anayekufuata. Hizi nyumba ndogo zinazoendeshwa na wasanii wenyewe haziuzi kitu, zinaishi kwa ruzuku, hivyo hutasumbuliwa. Zile za biashara mjini nazo ni bure kuingia, wanauza picha, lakini hawatarajii kila anayeingia anunue, kama duka la dhahabu tu. Majumba makubwa ndiyo yenye tiketi. Hata hayo, AGO, jumba la sanaa la Ontario, tangu 2019 haiwatozi vijana wa miaka 25 kushuka chini, kwa hiyo binti yako ana mlango wa bure mwaka mzima. The Power Plant, jumba la sanaa pale Harbourfront, kando ya ziwa, ni bure kwa wote. Na wewe ukiwa na kadi ya maktaba ya umma ya Toronto, uliza mkutubi kuhusu pasi za makumbusho na jinsi ya kuzipata. Zinaisha haraka, uliza mapema.

Mkifika 401, kila mmoja achague kazi moja bila kumwambia mwenzake, kisha amwonyeshe na kumweleza kwa Kiswahili kwa nini. Kwa Kiswahili, tafadhali. Kwa Kiingereza binti yako ana maneno ya shuleni na wewe utabaki msikilizaji. Kwa Kiswahili wewe ndiye mwenye maneno. Anza na kafa Ulaya, msimulie, na umwombe radhi kwa lile la mzaha kama unaona inafaa. Sijui watoto wa siku hizi mnawaombaje radhi huko kwenu, lakini wengi hutosheka na chipsi.

Hofu yako ya mwisho hukuiandika ila naisoma: je, chuo cha sanaa ni maisha? Hilo halijibiwi kwa barua. OCAD University iko McCaul Street, ubavuni mwa AGO, lile jengo la juu kama sanduku la madoa lililosimama kwenye miguu ya rangi. Mpeleke siku ya wazi na michoro yake halisi, waone walimu wa pale, wewe ukiwa umekaa kando unasikiliza wanavyomwambia. Kabla ya hapo mwone mwalimu wake wa sanaa shuleni na mshauri wa masomo, ana kwa ana, uwaulize kazi zake ziko daraja gani na ruzuku zipo zipi. Mfano wa kumtia moyo upo: Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alianza na kazi za michoro ya matangazo, akageukia udongo akiwa Uingereza, akarudi Afrika kujifunza kwa wafinyanzi wa kike wa Gwari kule Nigeria, na mwishoni mwa 2023 vyungu vyake vilijaza makumbusho ya Gardiner hapa hapa Toronto. Niliwatembeza wanawake wa Kikenya mle. Mmoja alisimama mbele ya chungu cheusi kinachong'aa akasema, "Hiki kingepika maharage vizuri." Tulicheka, kisha akakaa nacho dakika kumi na tano.

Nikijaliwa uzima mwaka huu nami nitakuwa mjini saa tisa hizo. Mkiona mzee wa barakashia na thermosi ya chai ya tangawizi amesinzia kando ya kazi yoyote yenye ukungu, niamsheni, mnisimulie mlichokiona.